Modeli za utabiri na walinzi wa Bahari ya Hindi: boya la tsunami liwekwe wapi?

Tangu msiba wa tarehe 26 Disemba mwaka 2004, mataifa yanayopakana na Bahari ya Hindi yamejenga mtandao wa vipimo vya kuyachunga mawimbi ya tsunami. Lakini bahari ni pana na vyombo ni ghali. Makala ifuatayo inaeleza jinsi wataalamu wanavyozitumia kompyuta kutambua ni wapi mtandao huo unaona na ni wapi ungali kipofu.

Leo tunaizungumzia bahari inayowaunganisha wengi miongoni mwenu, mlioko Mombasa, Unguja na Kilwa, na mlioko Maskati, Sur na Salalah. Swali letu ni hili: Bahari ya Hindi inachungwa namna gani dhidi ya tsunami, na ni kwa kigezo gani panachaguliwa mahali pa kumweka mlinzi?

Tuanze na yaliyotokea. Asubuhi ya tarehe 26 Disemba mwaka 2004, saa mbili kasoro dakika mbili kwa saa za Sumatra, tetemeko la ardhi lenye ukubwa wa 9.1 liliipasua sakafu ya bahari magharibi ya kisiwa hicho cha Indonesia. Ufa huo ulikwenda kiasi cha kilomita 1,200 kuelekea kaskazini. Huku Afrika Mashariki ilikuwa ni saa kumi kasoro, alfajiri bado haijaingia. Maji yaliyoinuliwa na tetemeko hilo yaliifikia pwani ya Aceh kwa muda wa nusu saa hivi, Sri Lanka na India kwa saa mbili hivi, na Somalia baada ya yapata saa saba. Watu zaidi ya 220,000 walipoteza maisha yao katika nchi 14. Somalia ilipoteza karibu watu 300, Tanzania wasiopungua 10, na Kenya mmoja.

Saa saba ni muda wa kutosha kukihamisha kijiji kizima cha wavuvi kwa miguu. Nchini Kenya, wakuu wa serikali walizipata habari za msiba wa Asia kupitia vyombo vya habari, wakaamuru watu waondolewe fukweni, na bila shaka hatua hiyo iliokoa roho. Lakini huko Hafun, kwenye rasi ya kaskazini mashariki mwa Somalia, hapakuwa na njia yoyote rasmi ya kuwafikishia wavuvi habari kwamba bahari ilikuwa njiani kuwajia.

Je, hakuna aliyejua? Kituo cha Hawaii kinachoichunga Bahari ya Pasifiki, kilichoanzishwa mwaka 1949, kilizinasa habari za tetemeko hilo na kutoa taarifa katika muda wa dakika 15. Hata hivyo, hesabu ya mwanzo ilionyesha ukubwa wa 8.0 tu, yaani tetemeko dogo mno kuliko lilivyokuwa hasa. Na jambo kubwa zaidi ni kwamba katika kina cha Bahari ya Hindi hapakuwa na kipimo hata kimoja cha kuwaambia wataalamu hao kama wimbi limezaliwa au la. Setilaiti iitwayo Jason-1 ilipita juu ya bahari hiyo saa mbili baada ya tetemeko, ikalipima wimbi lenyewe likiwa na kimo cha sentimita 60 hivi katika maji makuu. Lakini chombo hicho hakikuundwa kwa ajili ya kutoa tahadhari, na takwimu zake zilichambuliwa mambo yakiwa yamekwisha.

Hapa, msikilizaji, ndipo penye kiini cha mazungumzo yetu. Kipimo kilichowekwa mahali pasipofaa, au ambacho habari zake hazifiki kwa wakati, hakina tofauti kubwa na kipimo kisichokuwapo.

Wimbi linalokimbia kama ndege

Ili kuelewa kazi ya mtandao huu, hatuna budi kwanza kuelewa tsunami ni nini. Mawimbi ya kawaida huletwa na upepo, nayo huyachezea maji ya juu tu. Tsunami ni maji yote ya bahari, kutoka juu hadi kwenye sakafu, yaliyosukumwa kwa mkupuo mmoja. Mwendo wake hutegemea kina. Penye kina cha mita 4,000, wimbi hukimbia kwa kasi ya kilomita 700 hivi kwa saa, karibu sawa na ndege ya abiria. Likifika penye kina cha mita 10, kasi hupungua hadi kilomita 35 hivi kwa saa, na hapo maji yanayokuja nyuma huyakuta ya mbele yamepunguza mwendo, yakarundikana na kuinuka. Ndiyo maana nahodha aliye katika maji makuu anaweza kupitiwa na tsunami asiitambue, na ilhali wimbi lilo hilo likabomoa mji.

Kulikamata wimbi la sentimita chache katika bahari yenye kina cha kilomita kadhaa si jambo jepesi. Chombo kinachofanya kazi hiyo kina sehemu mbili. Ya kwanza hukaa kwenye sakafu ya bahari na kupima uzito wa maji yaliyo juu yake, kwa umakini wa kuweza kuhisi badiliko la chini ya sentimita moja hata penye kina cha mita 6,000. Ya pili ni boya linaloelea juu. Chombo cha chini humtumia mwenzake habari kwa njia ya sauti majini, na boya huzirusha kwa setilaiti hadi kituoni. Mwaka 2004 Marekani ilikuwa na maboya sita tu ya aina hiyo katika Pasifiki, na ilipofika mwezi Machi mwaka 2008 ilikuwa imefikisha 39. Katika Bahari ya Hindi, boya la kwanza la aina hiyo liliwekwa mwezi Disemba mwaka 2006, kati ya Thailand na Sri Lanka.

Bahari iliyomo ndani ya kompyuta

Mvuvi wa dema hautupi mtego wake popote. Anaijua miamba, anazijua nyakati za maji kujaa na kupwa, na anakijua kichochoro wanachopita samaki. Mtaalamu wa tsunami naye anataka kujua wimbi litapita wapi. Tatizo lake ni kwamba tsunami kubwa hutokea mara chache mno. Hawezi kungoja ziwe mia moja ndipo ajifunze. Kwa hiyo huzitengeneza ndani ya kompyuta.

Hiyo ndiyo inayoitwa modeli ya utabiri: ni seti ya hesabu zinazofuata kanuni za mwendo wa maji, zikiwekwa juu ya ramani ya kina cha bahari. Wataalamu huigawa mipaka ya mabamba ya ardhi, yaani sehemu zinazoweza kutetemeka, katika vipande. Katika utaratibu unaotumiwa na Marekani, kila kipande kina urefu wa kilomita 100 na upana wa kilomita 50. Kompyuta huulizwa: kipande hiki kikiteleza kwa mita moja, wimbi litakwenda wapi, litafika lini, na litakuwa na kimo gani? Jibu huhifadhiwa. Kisha huulizwa kuhusu kipande kinachofuata, na kinachofuata tena.

Uzuri wa utaratibu huu ni kwamba katika maji makuu mawimbi hujumlishana. Tetemeko kubwa linalovipasua vipande kumi linaweza kuelezwa kwa kuyajumlisha majibu ya vipande hivyo kumi, kila kimoja kikiongezwa au kupunguzwa kulingana na kilivyoteleza. Tetemeko la kweli likitokea, boya la kwanza linapopima wimbi, kompyuta hutafuta ni mchanganyiko gani wa vipande unaolingana na kipimo hicho, kisha hutabiri hali ya pwani zilizo mbele. Hapo modeli inamtegemea boya.

Lakini kuna upande wa pili wa sarafu, nao ndio unaosahauliwa mara nyingi: boya nalo linaitegemea modeli, tangu kabla halijashushwa majini. Hazina ile ile ya matetemeko ya kubuni hutumiwa kuujaribu mtandao wenyewe. Wataalamu huchukua ramani ya maboya yaliyopo au yaliyokusudiwa, kisha huyapitisha matetemeko hayo moja baada ya jingine na kuuliza: ni dakika ngapi zitapita kabla ya boya la kwanza kuhisi wimbi? La pili je? Na utabiri utakaopatikana kutokana na vipimo hivyo utakosea kwa kiasi gani kwenye pwani fulani?

Halafu huondoa boya moja katika hesabu na kurudia. Ikiwa majibu hayakubadilika, boya hilo linasema yale yale anayoyasema jirani yake, na fedha zake zingeweza kutumika pengine. Ikiwa eneo zima la matetemeko sasa linachelewa kutambuliwa kwa nusu saa, basi boya hilo ni nguzo, na likiharibika ndilo la kukimbiliwa kwanza. Kisha huongeza boya la kubuni hapa na pale na kutazama ni wapi linapoleta faida kubwa zaidi.

Majibu yanayopatikana huweza kumshangaza asiye mtaalamu. Wimbi halitoki sawasawa pande zote kama jiwe lililotupwa kisimani. Nguvu zake nyingi huelekea upande ulio mkabala na urefu wa ufa. Mwaka 2004 ufa ulikuwa umelala kaskazini na kusini, hivyo wimbi lilipiga zaidi mashariki na magharibi, likaelekea Thailand, Sri Lanka na hatimaye Somalia. Boya lililo pembeni mwa njia hiyo lingepima wimbi dhaifu na kuwatuliza watu ambao hawakustahili kutulia. Vilevile boya lisiwe karibu mno na chanzo, kwani mtikisiko wa tetemeko lenyewe huchafua kipimo, wala lisiwe mbali mno, kwani habari itafika wakati maji yamekwisha kufika. Na lisikae nyuma ya kisiwa au mgongo wa mlima ulio chini ya bahari unaolikinga wimbi.

Faida ya kuambiwa usikimbie

Huenda msikilizaji akadhani kazi ya mtandao huu ni kupiga mbiu ya hatari tu. Kazi yake nyingine, isiyosifiwa sana, ni kuifuta mbiu hiyo pasipo na hatari. Mwezi Mei mwaka 1986 watu waliondolewa kwenye fukwe za Hawaii kwa ajili ya wimbi ambalo halikuleta madhara, na gharama ilikadiriwa kuwa zaidi ya dola milioni 30. Mwezi Novemba mwaka 2003, baada ya tetemeko jingine katika visiwa vya Aleutian, maboya yalipima wimbi la sentimita chache tu. Modeli ikaonyesha kwamba Hawaii haitadhurika, na watu hawakuhamishwa.

Katika Bahari ya Hindi, mtihani ulikuja tarehe 11 Aprili mwaka 2012. Tetemeko lenye ukubwa wa 8.6 lilitokea magharibi ya Sumatra, na saa mbili baadaye likafuatiwa na jingine la 8.2. Kwa ukubwa peke yake, kila aliyekumbuka mwaka 2004 alikuwa na haki ya kutetemeka. Tahadhari ilitolewa kwa bahari nzima. Lakini safari hii mabamba yaliteleza kwa ubavu, hayakuinuka, na hivyo maji hayakusukumwa juu kwa nguvu. Vipimo vya baharini vilionyesha mawimbi madogo, na baada ya saa chache tahadhari ikaondolewa. Bila ya vipimo hivyo, watu wa mwambao wa Afrika Mashariki wangebaki wakiingoja bahari hadi jua lizame. Na mtu aliyekimbizwa bure mara tatu, mara ya nne hanyanyuki.

Wakati huo mtandao ulikuwa umekwisha kupata wenyewe. Mfumo wa tahadhari wa Bahari ya Hindi uliundwa mwaka 2005 chini ya Tume ya Kimataifa ya Bahari ya UNESCO. Tangu mwezi Oktoba mwaka 2011, India, Indonesia na Australia zilianza kutoa taarifa kwa kanda nzima, na mwaka 2013 zikaupokea wajibu huo kikamilifu. Vituo hivyo hutoa habari za kitaalamu, bali amri ya kuwaondoa watu hubaki mikononi mwa kila taifa. Nchini Tanzania jukumu la kuzipokea taarifa hizo liko kwa Mamlaka ya Hali ya Hewa. Oman nayo ilifungua kituo chake cha kitaifa cha tahadhari za majanga mwezi Machi mwaka 2015.

Modeli haijui isichoambiwa

Wapenzi wasikilizaji, pamoja na sifa zote hizo, modeli ina udhaifu mmoja ambao haufichiki: huona tu yale iliyofundishwa kuyaona.

Usiku wa tarehe 22 Disemba mwaka 2018, ubavu wa volkano ya Anak Krakatau uliporomoka baharini katika mlango wa Sunda, kati ya Java na Sumatra. Hapakuwa na tetemeko kubwa la kuuamsha mtandao, kwani mtandao mzima ulikuwa umepangwa kwa kufuata matetemeko ya kwenye mipaka ya mabamba. Wimbi likaingia pwani bila ya onyo, na watu zaidi ya 400 wakafa. Hakuna aliyekuwa amekosea hesabu. Swali lenyewe la maporomoko ya volkano ndilo ambalo halikuwa limeingizwa katika mtandao.

Wakazi wa Oman wana mfano wao wa karibu. Mbele yao, ng'ambo ya bahari, iko pwani ya Makran inayogawanywa baina ya Irani na Pakistani. Tarehe 28 Novemba mwaka 1945 tetemeko lenye ukubwa wa 8.1 lilizusha tsunami huko, na modeli zinaonyesha kwamba wimbi kutoka Makran linaweza kuifikia pwani ya Maskati katika muda wa chini ya saa moja. Hatari hiyo inajulikana, na imekwisha kufanyiwa mazoezi ya kanda, likiwemo lile la mwaka 2014. Hata hivyo, tarehe 24 Septemba mwaka 2013, tetemeko la 7.7 lilitokea Balochistan, ndani ya nchi kavu, mbali na bahari. Kwa hesabu za kawaida hapakustahili kutokea tsunami. Lakini huko Quriyat, kusini mashariki ya Maskati, kipimo cha bandarini kilinasa wimbi lililokaribia mita moja. Wataalamu wengi wanashuku kwamba mtikisiko uliporomosha matope kwenye mteremko wa chini ya bahari. Kipimo kimoja kilichokuwapo kikaifundisha modeli jambo ambalo haikulijua.

Hili ndilo somo la msingi. Modeli ikiachiwa peke yake kuchagua mahali pa vipimo, itaviweka vyote pale inapojua kuna hatari, na kamwe haitagundua hatari isiyoijua. Kwa hiyo mtandao mzuri huwa na sehemu mbili: vipimo vingi pale ambapo hesabu inaviita, na vichache vilivyotawanywa kwa ajili ya kushtukizwa. Vipimo vya bandarini, ambavyo ni rahisi kuliko maboya, vinafaa sana kwa kazi hii ya pili.

Kisha kuna matunzo. Baada ya msiba wa Palu wa mwezi Septemba mwaka 2018, ilitangazwa na idara ya maafa ya Indonesia kwamba maboya 22 ya nchi hiyo hayakuwa yakifanya kazi tangu mwaka 2012, kwa kuharibiwa na watu na kwa kukosa fedha za kuyatunza. Samaki hupenda kukusanyika chini ya boya, na wavuvi huwafuata huko, wakafunga vyombo vyao au kukata nyaya. Kwenye ramani maboya yalionekana, baharini hayakuwapo. Modeli inayohesabu boya lililokufa kuwa lingali hai huwahadaa wenye kuitegemea.

Kituo cha mwisho ni binadamu

Je, mtu wa pwani afanye nini? Jibu linategemea mahali alipo. Aliye karibu na chanzo cha tetemeko asingoje boya. Katika kisiwa cha Simeulue, kilicho karibu kabisa na kitovu cha tetemeko la 2004, wakazi walikuwa wapatao 78,000, lakini waliokufa walikuwa saba tu. Wazee wao walikuwa wamewasimulia kuhusu msiba wa mwaka 1907: ardhi ikitetemeka kwa nguvu na bahari ikajivuta nyuma, kimbilieni mlimani. Kwa watu wa Makran, na kwa kiasi fulani wale wa pwani ya Oman, elimu hiyo ina thamani kuliko chombo chochote.

Lakini aliye Lamu, Tanga au Mtwara hatahisi tetemeko la Sumatra. Ardhi itakuwa imetulia chini ya miguu yake, na jua litakuwa linawaka kama kawaida. Dalili pekee atakayoipata mapema ni ujumbe kutoka kwa watu wengine. Leo taarifa ya kwanza inaweza kumfikia mlinzi wa zamu wa kituo cha taifa katika muda wa dakika 10 hivi, na vipimo vya baharini vikaithibitisha au kuikanusha muda mfupi baadaye. Zinazobaki ni saa nyingi, na kazi ya saa hizo si ya kompyuta tena. Ni ya simu ya mkuu wa wilaya, ya redio, ya kipaza sauti cha msikitini, na ya kijana mwenye baiskeli anayeijua njia ya kwenda dago la wavuvi.

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Modeli za utabiri zina uwezo wa kutuonyesha ufa ulipo kabla maji hayajapenya. Kuuziba kunahitaji fedha za kila mwaka, meli ya matengenezo, wavuvi walioshirikishwa, na mlinzi wa zamu asiyelala. Na wimbi la mwaka 2004 lilikwisha kutuonyesha kwamba umbali wa maelfu ya kilomita unatupatia muda tu, nao muda ni mali ya anayejua kuutumia.